Rafu Inayopimwa kwa Kikombe

Nyumba nyingi za Pwani zina kopo la biskuti au droo moja ambamo vitu vidogo vya familia vimewekwa pamoja: sarafu zisizotumika tena, kichupa cha wanja ambacho kijiti chake bado kimo ndani, vikombe vya kahawa visivyo na mkono vilivyobaki baada ya vingine kuvunjika, kinyago cha mpingo kisichozidi kidole cha shahada. Vitu hivi havitupwi, wala havionekani. Hutolewa siku ya kuhama nyumba au siku ya kugawana vya marehemu, watu wakavishika kwa dakika chache, wakasimulia kidogo, kisha vikarudi gizani. Mimi nimevitengenezea vya kwetu rafu ya mbao ya kutundika ukutani, na ninaandika makala haya kwa sababu naamini rafu za namna hii kwa kawaida huanzwa upande usio wake. Fundi huulizwa upana wa ukuta, hukata mbao kwa kipimo hicho, na mwenye vitu hubaki kutafuta kipi kiende wapi. Matokeo yake ni sarafu iliyolala kwenye ubao ulioundwa kubeba vitabu, ambapo hakuna atakayeiona. Rafu ya vitu vidogo haina budi kupimwa kutokana na vitu vyenyewe, na ukuta usubiri zamu yake.

Wazo hilo limekuwa machoni petu kwa karne kadhaa. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kina ukuta uliopangwa zidaka, yaani vishubaka vidogo vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, safu juu ya safu, kila kimoja kikiwa na pambo lake la ukingoni. Humo ndimo vilimowekwa vyombo vya kaure kutoka China na vitu vingine vya thamani vya nyumba. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na katika makumbusho ya nyumba ya Kiswahili mjini humo mtu anaweza kusimama mbele ya ukuta wa namna hiyo na kuutazama kwa utulivu. Nilipousimamia, kilichonishika zaidi ya urembo ule kilikuwa udogo wa kila kidaka. Kina chake ni kifupi, kwa hiyo chombo hakiwezi kurudi nyuma kikapotea kivulini. Upana wake unatosha chombo kimoja au viwili na hewa kidogo pembeni. Chokaa nyeupe inayokizunguka huokota mwanga mchache unaofika ndani na kuurudisha kwenye chombo. Waliojenga kuta zile walijua jinsi ya kukifanya kitu kidogo kionekane bila kukikuza.

Wapo watakaosema kwamba vitu vidogo havistahili shughuli yote hii. Mimi huwakumbusha Gede, karibu na Malindi, magofu ambayo James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948. Nyumba kadhaa za mji ule zilipewa majina kutokana na vitu vilivyokutwa ndani yake: moja ni nyumba ya mkasi, nyingine ya ushanga wa Venisi, nyingine ya taa ya chuma, nyingine ya sarafu za Kichina. Majina ya wenye nyumba yamepotea; ushanga umebaki, na kwa ushanga huo tunajua walifanya biashara na nani. Niseme hapa pia, kwa kuwa magofu yetu yanaumizwa kila mwaka na mikono ya watu, kwamba hakuna kitu cha magofu kwenye rafu yangu na hakipaswi kuwapo kwenye rafu ya mtu yeyote. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kigae kilichookotwa Kilwa au Kaole kina maana pale kilipolala kuliko kitakavyokuwa nayo sebuleni.

Kazi yenyewe ilianza juu ya mkeka. Nilitandika magazeti, nikavipanga vitu vyote kama ambavyo ningependa vionekane, nikavisogeza na kuvisogeza tena hadi jicho likaridhika, kisha nikachora kwa penseli mstari kuzunguka kila kimoja. Hatua hii haina haraka, na ninashauri mpangilio uachwe hapo sakafuni mtu akapite na kurudi kwa saa tofauti za mchana, kwa sababu jicho la asubuhi na jicho la jioni havioni sawa. Kikombe cha kahawa cha kwetu kina mdomo wa milimita 65 na kimo cha milimita 50. Nilipokisogezea vipande vya kadibodi pande zote mbili, niligundua kwamba kinapendeza pale nafasi ya kila upande inapokaribia theluthi moja ya upana wake. Ikipungua hapo, kikombe kinaonekana kimebanwa. Ikizidi sana, kinaonekana kimesahauliwa. Theluthi hiyo ndiyo niliyoitumia kwa karibu kila kitu, isipokuwa vichupa virefu vya marashi, ambavyo vinahitaji hewa zaidi juu ya vifuniko vyake.

Kwa hesabu hiyo rafu ilijipimia yenyewe. Ilitoka na upana wa milimita 700, kimo kisichofika milimita 490, na kina cha milimita 80 tu, kinachotosha kikombe na nafasi ndogo mbele na nyuma. Ndani ina safu tano. Ya juu kabisa ina kimo cha milimita 110 kwa vinyago vya mpingo, mbili zinazofuata ni za sarafu na kila moja ina milimita 50, ya nne ni ya vikombe yenye milimita 80, na ya chini ina milimita 150 kwa vichupa. Sarafu ziko karibu na usawa wa macho kwa sababu ndizo pekee zinazosomwa. Kikombe hutambulika hata ukikitazama kutoka upande wa chini, lakini maandishi ya sarafu hayasomeki ukiinua shingo. Nguzo mbili za kusimama huigawa rafu nzima katika safu wima tatu, kila moja ikiwa na nafasi ya milimita 221, na katika safu ya vikombe kila nafasi hugawanywa tena katikati kwa kipande kifupi, kwa hiyo vikombe sita vinapata vyumba sita vya milimita 107 hivi.

Kuhusu mbao, wengi watakushauri mninga, na ushauri huo ni mzuri. Mninga hunywea kidogo sana unapokauka, na kwa samani za Pwani, ambako hewa hubadilika kutoka kaskazi hadi masika, sifa hiyo ni kubwa. Sharti lake ni kuikataa sehemu ya nje ya gogo iliyo nyeupe, kwa maana wadudu huibungua upesi huku moyo wa mti wakiuacha. Mbao za paini za Sao Hill, msitu wa kupandwa wa Tanzania, zinapatikana kila mahali na bei yake ni nafuu, nami ningezitumia bila wasiwasi kwa rafu itakayopakwa rangi, mradi ziwe zimekauka sawasawa. Mimi nilitumia mkangazi, kwanza kwa kuwa nilikuwa na milango ya kabati la zamani lililovunjwa, ambayo mbao zake zilikwisha kukauka na kutulia miaka mingi, na pili kwa sababu ya sarafu. Mbao hutoa mvuke wenye asidi kidogo, nyingine zaidi na nyingine kidogo, na mvuke huo ukifungiwa ndani ya kabati hula madini. Huko Ulaya wakusanyaji wa sarafu walizoea makabati ya mahogani kwa sababu ni miongoni mwa mbao zenye madhara madogo, na mkangazi ni ndugu yake katika familia moja ya miti.

Asidi hiyohiyo ndiyo inayoharibu kombe za baharini zinazohifadhiwa kwenye makabati ya mbao: ngozi yake hufifia, kisha hutokwa na unga mweupe unaofanana na chumvi. Mwingereza aliyeitwa Byne aliuandika ugonjwa huo mwaka 1899, na hadi leo unaitwa kwa jina lake ingawa chanzo chake alikielewa vingine. Kombe nimeziacha nje ya rafu yangu pia kwa sababu nyingine, kwamba nyingi zinazouzwa ufukweni zilitolewa baharini zikiwa na mnyama wake hai, na sioni fahari ya kuziweka ukutani.

Mkangazi una tabia moja ambayo mtu aijue kabla ya kushika randa. Nyuzinyuzi zake hupishana, tabaka moja likielekea huku na linalofuata likielekea kule, na ndiyo maana mbao yake inang'aa kwa milia ukiigeuza kwenye mwanga. Kwa sababu hiyohiyo, randa butu huikwangua na kuacha mashimo. Nilinoa ulimi wa randa hadi ukanyoa malaika ya mkono, nikaupunguza utoke kidogo sana, nikapiga mikupuo myepesi, na kila mbao ilipoanza kukwaruza niligeuza upande. Fremu ya nje niliiacha na unene wa milimita 12. Vigawanyo vya ndani nilivipasua na kuviranda hadi milimita 6, kwa kuwa mbao nene katikati ya vitu vidogo huvizidi nguvu. Jicho huanza kuona mbao na kusahau kikombe.

Moyo wa kazi hii ni pale vigawanyo vinapopishana. Kila ubao wa kulala hukutana na nguzo mbili za kusimama, na mahali pa kukutania kila mmoja hukatwa pengo lenye kina cha nusu ya upana wake, yaani milimita 40, kisha vyote viwili huingiliana hadi kingo zikawa sawa. Kwa mbao nne za kulala na nguzo mbili ni viungo vinane, na kiungo kimoja kikipinda, mraba mzima unakataa. Nilikwenda kumwona fundi mmoja mzee ambaye karakana yake iko karibu na kwetu. Nilimwamkia, nikamwonyesha mchoro wenye vipimo vyote hadi nusu milimita. Aliusoma wote kwa makini, akanirudishia, akasema: "Mwanangu, hapa futi iweke chini. Chukua mbao yenyewe, isimamishe juu ya mwenzake, uchore kwa ncha ya kisu pande zote mbili. Kisu hakina unene, penseli inao." Kisha akaniambia nikate ndani ya mstari na kuacha mstari wenyewe, nimalizie kwa patasi.

Nilifuata maneno yake neno kwa neno, nami sijui njia iliyo bora kuliko hiyo. Kisu hukata nyuzinyuzi za juu, kwa hiyo msumeno unapopita kando yake mbao haichanuki. Sehemu iliyobaki huondolewa kwa patasi kidogo kidogo, kutoka pande zote mbili kuelekea katikati, ili ule upande wa pili usibanduke. Kiungo kikiwa sahihi, mbao mbili zinaingiliana kwa kusukumwa na kiganja. Hupita taratibu, zikitoa sauti ya kusuguana, na zikifika mwisho hazichezi wala hazihitaji nyundo. Ikihitajika nyundo, toa, kwangua unywele mmoja, jaribu tena, kwa kuwa mbao ya milimita 6 iliyokatwa nusu hupasuka kwa pigo dogo. Mpangilio huu una faida ambayo haionekani kwa macho: nyuzinyuzi za kila kipande hufuata urefu wake, na kwa hiyo masika yakija mbao zote hutanuka kwa pamoja kuelekea mbele na nyuma, ambako hakuna kinachozizuia. Hakuna kipande kinachomvuta mwenzake.

Gundi niliipaka kwenye pembe za fremu na kwa uchache kwenye viungo vya ndani. Jiriwa ndefu za kubania fremu ni ghali, na mafundi wetu wana njia yao ambayo inashika vizuri: mpira wa ndani wa baiskeli hukatwa utepe mrefu, ukazungushwa fremu mara kadhaa huku ukivutwa, na kabari nyembamba zikapachikwa pale panapohitaji kubanwa zaidi. Kabla gundi haijakauka nilipima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, kwa mishazari yote miwili. Vipimo viwili vikilingana, pembe zote za fremu ni za mraba.

Katika safu za sarafu kila ubao wa chini una mfuo mmoja mwembamba, wenye upana wa milimita 3 na kina cha milimita 4, uliochongwa kwa kuegemea nyuma kidogo. Sarafu husimama ndani yake ikiwa imelala kiasi, uso wake ukimwelekea mtazamaji. Senti kumi ya Afrika Mashariki, ile kubwa yenye tundu katikati, ina kipenyo cha karibu milimita 31, na katika nafasi ya milimita 221 zinasimama nne zikiachana kwa kipimo kinachotosha kuzitenganisha kwa jicho. Jumla kuna nafasi za sarafu ishirini na nne, nami nimezipanga kufuata wakati. Kushoto juu ipo pesa ya shaba ya Zanzibar yenye mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882, iliyotolewa katika enzi ya Sultani Barghash, na upande mmoja ina mizani. Inafuatiwa na heller, sarafu ndogo za enzi ya utawala wa Wajerumani, mojawapo ikiwa heller 20 ya 1916, iliyogongwa katika karakana ya reli ya Tabora wakati vita vilikuwa vimekata njia ya kuletewa fedha kutoka Ulaya. Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba maandishi yake hayakukaa sawa na kingo ni za kukwaruza. Ni sarafu ya watu waliobanwa, na hilo limeandikwa kwenye madini yake.

Safu ya pili ya sarafu ni ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa fedha enzi ya Waingereza, na baada yake. Humo imo senti kumi ya 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa Nane, ambaye alitawala kwa miezi isiyofika kumi na miwili kisha akajiuzulu. Uingereza hawakupata kutumia sarafu zenye sura yake, lakini huku kwetu senti zenye matundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na taji na jina tu, na kwa hiyo ziligongwa na zikaingia sokoni, bibi zetu wakanunulia chumvi. Mwisho wa safu zipo sarafu za Tanzania za 1966: senti tano yenye samaki, ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande wa pili. Watoto huzitambua hizi kwa wanyama wake na huanza kusoma kutoka hapo kurudi nyuma, jambo ambalo sikulipanga na ambalo linanifurahisha mno.

Mgongo wa rafu ni plaiwudi ya milimita 4 niliyoipaka rangi nyeupe isiyong'aa, kwa kufuata fundisho la chokaa ya zidaka. Shaba iliyozeeka ina rangi ya mkangazi, na mbele ya mgongo wa mkangazi isingeonekana kabisa. Mbao nyingine nilizipiga msasa namba 120 kisha 220, nikazipaka vanishi nyembamba mara mbili, nikaiacha rafu tupu katika chumba chenye hewa kwa majuma kadhaa hadi harufu yote ilipokwisha. Subira hiyo ni ya lazima, kwa kuwa vanishi mbichi hutoa mvuke unaodhuru madini kuliko mbao yenyewe. Kioo sikuweka. Kioo huzuia vumbi, lakini pia hufungia unyevu na mvuke ndani, na katika hewa ya Pwani naona ni heri kupangusa vumbi kuliko kufungia unyevu.

Kutundika kuna njia nyingi, na ninayoiamini ni ya ubao mmoja uliopasuliwa kwa urefu kwa mshazari wa nyuzi 45. Nusu moja hufungwa ukutani, ncha kali ikielekea juu na mbele; nusu ya pili hufungwa nyuma ya rafu ikielekea chini, na rafu huning'inia kwa nusu mbili kukumbatiana. Uzito wote hugawanyika kwenye urefu wa ubao, na rafu inaweza kusogezwa kulia au kushoto bila kutoboa tena. Kipande kingine chenye unene uleule huwekwa chini ili rafu isiinamie ukuta. Kwa ukuta wa matofali ya saruji, plagi za plastiki na skrubu za milimita 60 zinatosha, kwa sababu ni lazima zivuke lipu na kushika tofali. Kwa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, toboa bila kugongesha drili, maana mtikisiko huibandua lipu kwa eneo kubwa, na tafuta jiwe, usiridhike na chokaa iliyo kati ya mawe. Njia hii huacha pia pengo la vidole viwili kati ya mgongo wa rafu na ukuta. Wenye nyumba za kale wanajua jinsi chumvi inavyotoka ukutani wakati wa masika; hewa ikipita nyuma ya rafu, plaiwudi haiinywi chumvi hiyo.

Jambo la mwisho ni usafi, nalo nimelazimika kuwaeleza wageni zaidi ya mara moja, kwa kuwa mkono wa mtu mwema ndio hatari kubwa kwa sarafu ya shaba. Ndimu na ukwaju husafisha sufuria na birika vizuri, lakini kwenye sarafu huondoa ile ngozi nyeusi inayoilinda, pamoja na nusu ya maandishi, na sarafu hubaki na wekundu mbichi ambao hauna umri. Brashi laini ya kuchorea rangi inatosha, mara moja kwa juma, ikianza safu ya juu na kushuka. Anayetaka kuisoma pesa ya Barghash huitoa kwenye mfuo wake kwa kuishika kingoni, kati ya kidole gumba na cha shahada, huigeuza aone mizani, na huirudisha ikiwa na uso uleule mbele.